Pikipiki ya Papa Iliyounguza Ampuli

Kuna harufu ambayo siipati mara nyingi siku hizi, kwa kuwa bateri za sasa zimezibwa pande zote. Ni harufu ya bateri ya maji inayochemka: yai viza, chuma cha moto, na ukali unaokwaruza koo. Juzi niliipata sokoni Birere, kwa fundi aliyekuwa ameng'oa kiti cha pikipiki kuukuu katikati ya watu na mizigo yao. Nilisimama pale na kapu langu la nyanya mpaka mwenye chukudu akanifokea nimpishe na kile chombo chake cha mbao cha kubebea mizigo. Nilipompisha nilikuwa tayari nimemkumbuka mama, ambaye yuko hai, ana afya, na bado ni mkali. Nasema hivyo mapema ili msianze kuniandalia pole.

Aliyekufa ni papa, baba yangu. Alikuwa mtu wa kilimo, anayezunguka mashambani kuwaonyesha watu magonjwa ya viazi, na kazi hiyo aliifanya juu ya pikipiki ya Kijapani iliyokuwa kongwe kuliko mimi. Ilikuwa nyeusi. Jina la walioitengeneza lilikuwa limefutika kwa kusuguliwa na magoti yake. Mama ni mzaliwa wa Kibumba, na papa alimfundisha kuiendesha katika njia za mashamba ya huko kabla mimi sijazaliwa, jambo ambalo upande wa papa hawakulipenda na upande wa mama walilicheka. Mwanamke juu ya pikipiki alikuwa anageuza shingo za watu. Papa aliugua kwa muda mfupi, akafa, na mengine ya siku zile sitayasema kwa sababu sikuyaelewa, na hata nilipokuja kuyaelewa hayakuwa tofauti na ya watu wengine.

Tulipoanua matanga, koko, mama yake papa aliyekuwa anakaa Katindo, ndiye aliyeongoza kila kitu. Katika ukoo wao, kitu cha marehemu ambacho walio hai wataendelea kukitumia lazima kibadilishwe uso. Kiti chake kilipakwa vanishi upya. Koti lake lilikatwa likawa koti langu la mvua. Ukuta wa chumba chake ulipigwa chokaa. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa kwamba mwenye mali akipita asije akakosea akakaa. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili na jibu hilo lilinitosha kabisa.

Pikipiki nayo ilibidi ibadilishwe uso. Mama aliipeleka kwa jirani mmoja aliyekuwa anapaka rangi milango ya chuma ya nyumba za watu, mtu mwenye bidii ya ajabu. Alifungua kila kilichofunguka, akatandaza vyuma vyote juu ya mawe meusi ya volkano nje ya nyumba yake, akavipaka rangi ya milango, ya buluu, mara mbili, kwa brashi. Alipaka mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika. Alipaka mpaka vichwa vya bulon, bolti zote. Kisha akakaza kila kitu mahali pake, na pikipiki ikarudi nyumbani inang'aa kuliko mlango wa parokia. Koko aliizunguka, akaridhika, akanyunyiza maji ya baraka.

Mama akaanza kazi nayo. Alikuwa anatoka kabla hakujapambazuka, anapanda barabara ya kaskazini mpaka Kibumba, anafunga nyuma magunia ya kabeji, karoti na liki, na kushuka nayo Birere kabla wanunuzi wa kwanza hawajatawanyika. Aliyechelewa aliuza yaliyonyauka. Bila pikipiki angekuwa anasubiri lori la watu, na lori la watu halina haraka ya mtu. Piki ile ndiyo iliyokuwa inatulisha na kunisomesha; hilo hata mimi nililijua, maana nilikuwa nalisikia kila mama alipokuwa anaiombea dua.

Wiki ya kwanza baada ya rangi, taa ya mbele iliwaka kwa weupe ambao hatukuwahi kuuona. Majirani waliisifu. Mimi nilidhani ni rangi mpya iliyoipa nguvu. Asubuhi moja, mama akiwa anapasha injini pale uani, taa ilizidi kuwa nyeupe, ikalia pa, ikafa. Mama alinunua ampuli nyingine, balbu mpya kabisa, nayo ikaungua. Ikafuata ya nyuma. Ikafika mahali mama anapanda Kibumba kwenye ukungu bila taa, akiongozwa na taa nyekundu za malori ya mbele yake, na asubuhi nyingine anaogopa, anangoja kupambazuke, anafika Birere wakati wenzake wanafagia majani.

Ndipo na bateri ikaanza kunuka. Maji yake yalikuwa yanapungua bila sababu, na mama alikuwa anayaongeza kwa maji ya mvua kutoka pipa letu la chini ya paa. Mji mzima tulikuwa tunaamini hivyo: maji ya bomba yana vumbi na chumvi, ya mbinguni ni safi. Hakuna aliyekumbuka kwamba juu ya mji kuna mlima unaotoa moshi mchana na usiku, kwamba moshi huo unatua juu ya mabati yetu, na mvua inaushusha wote ndani ya pipa. Chini ya pipa letu kulikuwa na tope jeusi la kidole kizima. Sisi tulikuwa tunalinywa na tunaishi. Bateri haikuwa na roho ngumu kama yetu.

Aliyetamka lile neno alikuwa koko. Alikuja kututembelea, akakaa anachambua maharagwe, akasikia habari ya ampuli, na bila kuinua macho akasema, "Mwenye piki hajakubali." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anavyosema kwamba mvua inakuja. Lakini neno la koko lilikuwa na miguu, na kabla ya wiki kuisha lilikuwa limefika Rutshuru, kwa papa mudogo Kambale.

Papa mudogo Kambale alikuwa mdogo wake papa, mfanyabiashara wa maharagwe, mtu mnene, mwenye kicheko. Sitamsema vibaya. Kwenye msiba alilia kuliko wote, na kila alipokuja aliniletea biskuti. Lakini katika ukoo wao vitu vikubwa vya mwanaume vinamfuata ndugu yake, na pikipiki ilikuwa kitu kikubwa. Wakati wa matanga aliona aibu kuidai mbele ya mjane. Sasa alikuwa amepata njia: haikuwa yeye anayeidai, ni kaka yake aliyekuwa anamkatalia mkewe. Alituma ujumbe kwamba Jumapili atakuja, na koko atakuwepo, na jamaa wengine wawili watatu, tuongee kama watu wa nyumba moja. Mama aliposikia "tuongee" alijua piki imekwenda.

Mimi nilikuwa na mawazo yangu. Nilikubaliana na koko kwamba papa amekasirika, lakini niliona koko hajafika mwisho. Papa alipenda pikipiki nyeusi. Kabla ya rangi haikuunguza hata ampuli moja. Baada ya rangi inaunguza zote. Kwa hiyo papa alikuwa anakuja, anakuta chombo cha buluu asichokijua, na mwanamke juu yake, na hasira inampanda. Niliona jambo hili wazi kabisa, na nilishangaa kwamba watu wazima, na akili zao zote, hawalioni.

Jumamosi mama alinipakia mbele ya magunia matupu tukaenda Birere kwa fundi Bahati. Alikuwa fundi wa zamani wa papa, mzee mwembamba, msemaji, ambaye karakana yake ilikuwa turubai moja na matairi ya kukalia. Aliwasha injini, akaifanya iungurume, akashika hapa, akagusa pale kwa waya uliofungwa ampuli ndogo mwishoni. Mama akaniambia niende kwa muuzaji wa pale kona nilete mandazi. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi nilimkuta mama amekaa juu ya tairi, amejiziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika. Nikakimbia nikidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, na tangu msiba nilikuwa sijamuona akicheka. Fundi alikuwa amesimama na spana mkononi, hacheki.

"Sasa nifanye, mama? Ni kazi ya dakika tu," alisema.

"Acha kwanza, muzee," mama akajibu. "Usiguse kitu. Na mutu akiuliza, haujaniona."

Fundi alimtazama, akanitazama mimi, akachukua andazi moja kwenye karatasi yangu bila kuuliza. Tulirudi nyumbani na ampuli mpya mfukoni na shida yetu vilevile tulivyoenda nayo. Mimi nilielewa hivi: fundi ameshindwa, na mama amecheka kwa sababu mtu akizidiwa sana hucheka. Nilikuwa nimeshaona jambo hilo msibani.

Jioni hiyo, mama akiwa anasonga fufu, nikaona heri niseme niliyokuwa nayo, labda yatasaidia kabla ya kesho.

"Mama, ni rangi."

Mwiko ulisimama. Mama aligeuka, akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, na hakuwahi kunishika vile.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mutu."

"Ulikuwa pale? Ulisikia fundi?"

Nikaanza kulia, nikamwambia kwamba papa alipenda nyeusi, kwamba anaona buluu anakasirika, kwamba ndiyo maana anaunguza ampuli. Vidole vya mama vikalegea kimoja kimoja.

"Hiyo neno usiitaje tena," alisema kwa sauti ya chini. "Hata kwa koko. Zaidi sana kwa koko. Umesikia?"

Nilisikia. Nilisikia na yale ambayo hakuyasema, au nilidhani nimeyasikia: kwamba ni kweli, papa amekasirika kwa sababu ya rangi, na mama analijua, na analificha. Niliona huruma na woga pamoja. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema, na usiku ule nilijiona ndimi kata. Asubuhi, kabla ya misa, nilienda pale pikipiki ilipoegemezwa ukutani, nikaweka kiganja juu ya tangi la buluu, nikamwambia papa amsamehe mama, hakujua, aliyepaka ni jirani.

Walikuja baada ya misa. Mama alikuwa amepika tangu alfajiri, dagaa wa sambaza wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo, fufu, na alifanya jambo ambalo halifanywi kwetu: aliomba maneno yaongewe kabla ya chakula. Jamaa walitazamana. Mgeni hupewa kiti, akapewa maji, akala, ndipo akaulizwa kilichomleta. Mama alikuwa anatembea haraka haraka kama mtu aliyeacha mtoto njiani. Koko alikunja uso, lakini akakubali.

Koko ndiye aliyefungua. Alisema mtu akifa hafi kabisa, anabaki na mapenzi yake na mapenzi yake yaheshimiwe. Alisema hamchukii mkwe wake. Alisema ampuli zimeungua mbele ya macho ya kila mtu. Papa mudogo aliinama, mikono katikati ya magoti, akasema yeye hatafuti mali, anatafuta amani ya kaka yake, na kwamba piki ikikaa kwake watoto wote wa ukoo watapanda. Kisha koko, sijui ni nini kilimpata, akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa juu ya ndoo kando ya mlango.

"Na wewe, Kavira. Mutoto anaona. Papa yako anakataa nini?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Neno lilikuwa mdomoni kwangu, zima, tamu, la kweli, na nilijua nikilitoa koko atanisifu.

"Sijui, koko," nikasema.

Mama akainuka. Akaenda chumbani, akarudi na ufunguo ameukalisha juu ya viganja vyote viwili, kama tunavyompa mtu kitu cha heshima, akapiga goti mbele ya papa mudogo. Watu wote walikuwa wametegemea kelele. Papa mudogo mwenyewe alikuwa amekuja amejiandaa kwa kelele, na sasa hakujua aweke wapi mikono yake.

"Shemeji," mama alisema, "nakuuliza mbele ya koko. Hautaipeleka kwa fundi kwanza, aiangalie?"

Papa mudogo alicheka kicheko chake. "Fundi wa nini? Hii si neno ya fundi. Kaka yangu ananijua. Kwangu haitaunguza kitu."

"Mumesikia wote," mama akasema. Akampa.

Chakula kililiwa kama na watu wanaokimbizwa. Mama alipakua mwenyewe, akaondoa sahani mwenyewe, na koko alipotaka tuimbe wimbo mmoja wa kumshukuru Mungu, mama akasema Mungu amekwisha kusikia, shemeji aondoke jua likiwa juu, Kibumba ukungu hauna saa. Alimfungia sambaza kwenye mfuko. Alimpa ampuli ile mpya aiweke kwenye taa. Alimsindikiza mpaka barabarani, karibu anamsukuma. Jamaa waliondoka wakinong'ona kwamba mjane anafukuza wageni, na mimi nilipata aibu iliyoniwasha masikio. Niliona piki ya buluu ya papa inapanda barabara ya kaskazini, taa imewaka mchana kweupe, na kicheko cha papa mudogo kinaisha.

Siku zilizofuata mama alibadilika. Hakuwa na piki ya kumpeleka Kibumba, sawa, lakini hata kwa lori hakwenda. Alikuwa anaenda kusimama kwenye barabara ya Rutshuru anasimamisha madereva wanaoshuka na kuwauliza kama wameona piki ya buluu, na kama wamesikia ajali yoyote. Chakula alikuwa anakipika na kukiacha. Alivunja chungu cha bibi yangu wa Kibumba, nacho alikipenda. Jioni, tukisali rozari, alikuwa anabaki amepiga magoti mimi nikiwa nimekwisha kulala na kuamka. Nilijua anaililia pikipiki. Hata mimi, niliyeipenda, niliona amezidisha. Ni chombo tu. Koko alipita, akamuona, akasema moyo uliofungwa kwenye vitu unaumia bure. Mama akachukua kitenge chake, akarudi barabarani kwa madereva.

Kisha siku moja, jua la mchana, lori la kabeji likasimama mbele ya kwetu. Juu ya kabeji ilikuwa imelala pikipiki ya papa, tairi juu, na mbele kando ya dereva alikuwa amekaa papa mudogo Kambale. Mama alitoka nje bila viatu, akakimbia juu ya mawe yale yanayokata miguu, akaipita pikipiki bila kuitazama. Akamshika papa mudogo mikono yote miwili, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akaangua kilio. Papa mudogo alisimama pale ametahayari. Suruali yake ya Jumapili ilikuwa na matundu kuanzia pajani mpaka gotini, na paja lenyewe lilikuwa na madoa mekundu.

Mama alichinja kuku. Kwa mtu aliyemnyang'anya piki. Niliketi nikimtazama akinyonyoa manyoya huku anaimba, na nikafikia uamuzi kwamba watu wazima hawana akili, wala nisihangaike tena kuwatafutia.

Koko aliitwa, na mbele yake papa mudogo akasimulia. Taa ilikuwa imewaka vizuri mpaka alipopita Kibumba; hapo ikawa nyeupe, ikalia, ikafa, jua likiwa bado lipo. Akaona ni bahati mbaya. Kabla ya Rutshuru na klakson, honi yake, ikanyamaza. Kesho yake alienda sokoni nayo ili watu waione, na pale sokoni bateri ikachemka, ikatema maji yake ya ukali kwenye mguu wake, na suruali ikaanza kufunguka mbele ya wateja wake. Watu walicheka. Dereva mmoja alimwambia ampelekee fundi, lakini yeye angempelekeaje fundi, na alikuwa amekwisha kusema mbele ya mama yake mzazi kwamba si neno la fundi?

"Kaka amenikataa," alimalizia, na machozi yalimjaa, ya kweli kabisa. Nilimuonea huruma, kwa kuwa nilikuwa najua vile inavyouma.

Koko alikuwa mwanamke wa haki. Neno lake lilipogeuka alikubali kugeuka nalo. "Basi tulisikia vibaya," alisema mwishoni. "Mama Kavira, kaa nayo. Akikukubali wewe, hakuna mutu wa nyumba hii atauliza hii piki tena. Nimesema mimi."

Asubuhi iliyofuata mama alichukua kisu cha kumenyea viazi na spana ya papa. Alifungua kando ya pikipiki kisanduku kidogo cha chuma chenye mapezi, kile mafundi wanachokiita regulateri, akakikwangua mgongo wake mpaka buluu yote ikatoka. Akakwangua pia mahali kilipokuwa kimefungwa, mpaka chuma kikawa cheupe, na bulon zake, na matundu yake. Akakifunga tena, akakikaza kwa nguvu. Bateri aliijaza maji ya bateri ya dukani, ya chupa, si ya pipa. Aliweka ampuli, akawasha. Taa ilikuwa ya njano, tulivu. Aliungurumisha injini mpaka majirani wakatoka nje, na taa ikabaki palepale. Alinitazama niliyekuwa mlangoni na kikombe cha uji.

"Papa amekubali," alisema.

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ameondoa rangi. Akasema ndiyo, ni kwa sababu ya rangi. Akapanda, akaenda Katindo mchana ule na taa yake imewaka, akaizungusha mbele ya mlango wa koko mpaka koko akatoka akaiona. Hakuna aliyeidai tena. Ilibeba kabeji mpaka nilipomaliza sekondari, na ampuli zilizoungua baada ya hapo ziliungua kwa uzee wao.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa siku nilipoelewa. Mume wangu alikuwa ameangusha pikipiki yake, ikaunganishwa, ikapakwa rangi, na taa zikaanza kuungua. Fundi wa huko kwetu alitueleza huku anakwangua: kisanduku hiki kazi yake ni kuzuia umeme wa injini usizidi, na kile kinachozidi kinarudi kupitia chuma cha pikipiki yenyewe. Njia hiyo wanaiita masi. Lazima chuma kiguse chuma. Ukipaka rangi katikati, kisanduku hakijui kitu tena, umeme wote unakwenda kwenye ampuli na kwenye bateri, na mwenye piki anabaki kulaumu wachawi. Mume wangu alicheka. Mimi nilichukua mkoba, nikaenda moja kwa moja kwa mama.

Nilimkuta anachambua karoti. Nilimwambia kwamba alijua. Alijua tangu Jumamosi kwa fundi Bahati, na ndiyo maana alicheka, na ndiyo maana alinishika mkono. Nilikuwa na hasira kuliko nilivyotegemea. Nilimwambia nimekua nikiamini papa alikufa akarudi kutukasirikia, na yeye aliniacha niamini. Mama hakuona haya hata kidogo. Alisema mtoto wa darasa la pili hafungi mdomo, na kwamba mimi nilifunga, na hakusahau. Alisema pia kwamba kama angeitengeneza siku ile, shemeji angechukua piki nzima na kuondoka nayo, na mimi leo nisingekuwa na mkoba wa kuchukua. Na alimuuliza shemeji kuhusu fundi, mbele ya watu, yeye mwenyewe akakataa. Sasa nilitaka nini?

"Angekufa, mama," nikasema. "Ulimpa mutu piki ambayo ulijua taa yake itakufa, na ile barabara, na ule ukungu, na malori. Papa mudogo angekufa."

Mikono yake ilisimama juu ya karoti.

"Unafikiri sikujua?" alisema. "Siku zile zote nilimuomba papa yako neno moja tu, ampuli iungue mchana."